Mdomo wa Chini, Upande wa Kushoto

Machi 1951. Kilichopotea ni nusu ya mdomo wangu wa chini, upande wa kushoto, pamoja na kidevu kilicho chini yake. Haukukatwa wala haukuoza. Ukinitazama huoni kitu. Upo pale pale ulipokuwa, ila mimi sina habari nao. Nikiugusa kwa kidole, kidole kinausikia mdomo, mdomo haukisikii kidole.

Mume wangu alikufa Agosti 1954. Misiba hii miwili haiwezi kuwekwa katika mizani moja, na nisingependa mtu afikiri naiweka. Lakini siwezi kumweleza yeye bila kuueleza mdomo, kwa sababu katika nyumba yetu ndiye peke yake aliyejua, na alijua kwa sharti langu kwamba asimwambie mtu.

Mimi ni mtu wa Zinga. Nilisoma Kurani chuoni, na herufi za Kizungu alinifundisha mume wangu baada ya kunioa, akiziandika kwa mkaa nyuma ya magunia. Yeye alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kihindi hapa Bagamoyo. Alipeleka mbata na korosho Dar es Salaam, akarudi na unga wa ngano na mafuta ya taa, na mara nyingine alipelekwa Lugoba au Mkange kuchukua mahindi. Tuliishi na mama yake. Watoto hatukujaaliwa. Mama mkwe hakuwahi kunisema kwa hilo, na naliandika hapa kwa sababu ni haki yake.

Jino lililoniuma lilikuwa la chini, la pili baada ya chonge. Liliuma mwezi mzima, likavimbisha shavu, likatulia, likarudi. Mama mkwe alinishauri niende hospitali nikang'olewe, yaishe. Yeye mwenyewe alikuwa ameng'olewa mengi.

"Haya yaliyobaki yananitosha kwa muhogo," alisema. "Unalihifadhia nini? Unakwenda kuliuza?"

Ukweli ni kwamba jino lile lilionekana nikicheka, na mimi nilikuwa napenda kucheka mbele za watu. Arusini wanawake walikuwa wakinisifu meno. Nilikuwa nimeona wenzangu waliong'olewa pale pembeni, shavu linavyobonyea, na wanavyocheka kwa kuziba mdomo kwa mkono. Sikutaka. Nikamwambia mume wangu usiku, na yeye akamwuliza tajiri wake, na tajiri akasema yuko daktari wa meno Dar es Salaam, jamaa yao, anayeweza kuua mshipa wa jino na kuliacha jino lenyewe limesimama.

Mama mkwe aliposikia aliacha kupepeta mchele.

"Mkaza mwanangu, mtu akufungue mshipa ulio ndani ya mfupa? Haya. Ila ukipatwa na jambo usije ukanililia mimi."

"Sitakulilia, mama," nikasema. Na neno hilo nilikuja kulishika kuliko nilivyopaswa.

Daktari alikuwa na chumba juu ya duka la vitambaa. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono inayonukia karafuu. Alizungumza na mume wangu, hakuzungumza nami, na mimi sikuona ajabu. Mashine yake ya kutobolea ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Siku ya kwanza alinipiga sindano ya ganzi, akatoboa jino, akatia dawa ya kuua mshipa, akaziba. Juma lililofuata tukarudi na lori. Alinipiga tena sindano ya ganzi, kidogo tu, akazibua, akaingiza waya mwembamba wenye miiba, akauzungusha, akatoa kitu chekundu chembamba kama uzi uliolowa. Akamwonyesha mume wangu.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinamsumbua bibi," alisema. "Sasa nitajaza mahali kilipokuwa. Mwambie likimwuma popote, ainue mkono, nitaacha."

Mume wangu akaniambia maneno yale yale, ingawa nilikuwa nimeyasikia.

Daktari akaanza kusukuma dawa ndani ya mzizi. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya pili, au ya tatu, kilipita kitu kidevuni mwangu ambacho sina neno lake. Nani hajajigonga kiwiko kwenye ukingo wa mlango, mkono mzima ukawaka mpaka kidole cha mwisho? Basi ilikuwa hivyo, ila kwenye mdomo. Mkono wangu ulikuwa juu ya paja, umeshika ncha ya buibui. Sikuuinua. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye pembe ya chumba na kofia yake mkononi, amemwomba tajiri, ameomba ruhusa ya siku mbili, na mimi ndiye niliyetaka. Tena sisi tumelelewa hivyo: mwanamke hata akizaa hatakiwi kusikika mlango wa pili. Nikavumilia mbele ya mwanamume mgeni kwa adabu njema kabisa, na yeye, kwa kuwa sikuinua mkono, akaendelea kusukuma.

"Ganzi itaisha jioni," alisema tulipotoka.

Tulipofika Zinga jua lilikuwa limezama na ganzi ipo. Asubuhi ikawa ipo. Nilikunywa chai, nikaona matone kifuani kabla sijajua kuwa yamenitoka. Safari iliyofuata ya lori mume wangu alinirudisha kwa daktari. Akanichoma mdomo kwa ncha ya sindano, taratibu, huku na huku.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Akaweka sindano chini, akamgeukia mume wangu na kumwambia ukweli, na kwa hilo simlaumu. Dawa ilikuwa imepita mwisho wa mzizi, ikagusa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya na kutokea kwenye mdomo. Mshipa ule unaweza kuamka baada ya miezi. Unaweza usiamke.

"Hakuinua mkono," alisema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Jino lilipona. Mpaka leo halijauma tena, na natafunia.

Mama mkwe alipouliza nilimjibu nimepona, na ulikuwa ukweli wa jino. La mdomo sikumwambia. Nilikuwa nimemwahidi sitamlilia, tena nilifikiri litaisha. Nikajifunza kula upya kwa siri. Tonge nilipeleka upande wa kulia. Uji wa moto niliuacha upoe, kwa maana niliwahi kujiunguza na nikajua kwa lengelenge, si kwa maumivu. Niliutafuna mdomo wangu mwenyewe pamoja na nyama, nikaonja damu na kuidhania mchuzi. Mate ndiyo yaliyonitia aibu kuliko yote. Mtu mzima, mke wa mtu, mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno, na yeye amekaa anazungumza.

Mume wangu ndiye aliyeitafutia dawa. Kidevu changu kikiwa na kitu, alipitisha kifundo cha kidole kwenye ndevu zake mwenyewe, upande ule ule. Hakunitazama. Alifanya kama mtu anayejikuna. Nami niliinua ncha ya kanga, nikajifuta kama mtu anayejifuta jasho. Tuliweza kufanya hivyo mbele ya watu kumi na asijue mmoja. Tukiwa wawili alinitania.

"Kidevu kimekula kabla ya mwenyewe," alisema.

"Kimetangulia kuonja kama kina sumu."

"Basi nitakiwekea walinzi."

Nilicheka. Meno yangu yote yalikuwepo, na nilikuwa nimeanza kuziba mdomo kwa mkono nikicheka, hata mbele yake.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwanzo wa Juni. Nyumba yetu ina uwa mpana, na desturi ya mama mkwe ilikuwa kufuturisha wanawake wa mtaa, hasa wajane na waliosafiriwa na waume. Kupika ilikuwa kazi yangu tangu nilipoolewa. Aliniachia upawa mwaka wa pili wa ndoa, na kwa mwanamke kama yeye hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa akiwaambia watu, nikisikia, kwamba muhogo wa nazi wa mkaza mwanawe unaweza kumtoa mtu kitandani.

Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja. Unagusa tui kwa ncha ya ulimi, unajua chumvi imekaaje, unatema, hukumeza kitu. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka yote. Siku ile, mume wangu akiwa Mkange na lori, nilionja muhogo baada ya adhuhuri, nikatema jivuni, nikaendelea kukoroga. Tui lilikuwa la kasimile, zito. Tone likabaki kidevuni. Likashuka kidogo, likakauka.

Jirani yetu, mwanamke mkaanga samaki wa nyumba inayofuata, aliingia kuomba moto. Alikuwa shoga wa mama mkwe na mwenye maneno mengi, lakini si mbaya. Alinisalimu, akasita.

"Mwenzangu," alisema, "umefunga leo?"

"Nimefunga. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Akaangalia kidevu changu, akamwangalia mama mkwe aliyekuwa akichambua mchele barazani kwa ndani. Mama mkwe akainuka, akaja. Akanitazama kwa karibu. Najua sasa alikuwa ananingojea nijifute, kama ambavyo mtu yeyote mwenye kitu usoni hujifuta akitazamwa. Mimi sikujua kuna kitu. Nilisimama mbele yake, na upawa mkononi, na tui limekauka kidevuni kama mtoto aliyekomba chungu.

"Umekula?" akauliza.

"Sijala, mama. Nimeonja chumvi."

"Kuonja ni ncha ya ulimi. Adhuhuri tumesali pamoja, nimeuona uso wako umetoka kwenye udhu, safi. Hicho kimefikaje hapo?"

Hapo ndipo nilipogusa. Kidole kikakuta tui. Nikajua, na nikajua pia la kusema. Neno lilikuwa moja tu: mama, huku sisikii. Jirani alikuwa amesimama na kijinga chake cha moto, anangoja. Nikamwona akirudi kwake na kusimulia jinsi mkaza mwana wa fulani, yule mwenye meno mazuri, alivyokwenda kutengenezwa uzuri Dar es Salaam akarudi anatokwa na udenda. Nikaona ni afadhali lolote kuliko hilo.

"Nilizidisha kuonja," nikasema. "Nisamehe."

Mama mkwe akanyosha mkono. Hakuninyang'anya. Alinyosha tu mkono, nami nikautia upawa ndani yake.

"Pumzika mwaka huu," alisema. "Nitapika mwenyewe."

Jioni ile wanawake walifuturu, na hakuna aliyeniambia neno. Walinipa nafasi kubwa kwenye sinia, kuliko ilivyohitajika. Keshoye watoto wa mtaa walikuwa wameshapata habari. Huku kwetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe, kwa kuwa huficha kichwa akila. Nilipokwenda kisimani walinifuata nyuma, wakaimba:

"Kobe, kobe, toa kichwa,
jua lingali juu."

Mama zao waliwaita ndani, lakini wimbo ukiwa umekwisha.

Mume wangu aliporudi alipata habari barazani kabla hajafika nyumbani. Jamaa mmoja alimwuliza, kwa mzaha, kama ni kweli kwake jua huzama saa saba. Alinieleza akicheka, halafu akaacha kucheka.

"Niruhusu nimwambie mama."

"Usimwambie."

"Ni neno moja. Nitamwambia mimi, wewe hutakuwepo."

"Nitakuwepo kesho yake."

"Kwa hiyo bora wakuite kobe?"

"Bora."

Akainama, akavua kiatu.

"Na mimi mume wa kobe," alisema.

Hakusema kwa ugomvi. Alikuwa akitaka kujua kama na hilo nimelihesabu. Sikuwa nimelihesabu. Nililihesabu pale, yeye akiwa ameinama na kiatu mkononi, na bado sikubadili neno langu. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote niliyoandika hapa. Nilijua kitakachompata, nikachagua uso wangu.

Alinitii mpaka mwisho. Miaka mitatu alivumilia mzaha wa barazani kila Ramadhani ilipokaribia. Msikitini walikuwa wakimwuliza kama amenunua kufuli ya jikoni. Alicheka nao. Mama yake alimwambia mara moja, nikisikia, kwamba mwanamume anayeficha dhambi ya mkewe anashiriki nusu yake, na yeye akajibu, "Ndiyo, mama," akapitisha kifundo cha kidole kwenye ndevu, na mimi nyuma ya mlango ulioachwa wazi nusu nikajifuta.

Nilianza kula wa mwisho, na ncha ya kanga mdomoni. Watu walidhani naona haya kwa ajili ya ile Ramadhani. Kuona haya niliona. Mshipa haukuamka.

Katika mwaka 1954 mume wangu alianza kukohoa. Alipelekwa hospitali, akarudi, akapelekwa tena, akaomba afie nyumbani. Mwezi wa nane alikuwa hawezi kukaa. Mama mkwe na mimi tulimuuguza, tukipokezana, na katika kazi hiyo tulirudi kuzungumza kama zamani, au karibu na zamani. Sauti ya mume wangu ilikwisha kabla yake. Alisema kwa macho na mkono.

Asubuhi ya siku ya mwisho tulikuwa wote wawili kitandani kwake, mama yake upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Nilikuwa nalia bila sauti. Jicho la kulia niliyasikia machozi mpaka chini. La kushoto niliyasikia mpaka shavuni, kisha yakapotea, kama mto unaoingia mchangani. Yeye alinitazama. Mkono wake ukainuka kutoka kwenye shuka, ukachukua muda mrefu, ukafika kidevuni kwake. Kifundo cha kidole kikagusa ndevu.

"Anataka maji," mama yake akasema. "Mwanangu, maji?"

Akachukua bilauri na kijiko. Mimi nikainua ncha ya kanga, nikajifuta. Aliponiona nimejifuta akaushusha mkono. Mama yake akamtilia maji mdomoni, kijiko kimoja, na kingine, na akameza. Hakuinua mkono tena. Adhuhuri ilimkuta amekwisha kufariki.

Msibani mama mkwe aliwaeleza watu jambo hilo. Kila aliyeingia kumpa pole aliambiwa kwamba mwanawe aliomba maji kwa mkono wake, na kwamba ni yeye aliyempa, na kwamba aliondoka hana kiu. Wanawake walimwambia amepata bahati ambayo mama wengi hawaipati. Nilikuwa nimekaa mkekani, nimejifunika, nikisikia. Mara ngapi aliieleza sikumbuki. Nilitamani asiache.

Nikaingia eda. Mjane wa kwetu hukaa ndani, havai nakshi, hajipaki manukato, na hupelekewa chakula. Aliyeniletea chakula alikuwa mama mkwe, mwenyewe, kila siku. Siku moja, baada ya arobaini kupita, aliniletea uji wa mchele wa nazi katika bakuli, akakaa mbele yangu. Kwa kawaida aliweka akaondoka. Nilikuwa na msiba, nilikuwa nimechoka, na mtu wa kunionyesha alikuwa chini ya udongo. Nilisahau ncha ya kanga. Nikanywa.

Alipokuwa akinieleza habari za paa linalovuja, akanyamaza. Akaendelea kunitazama. Halafu akanyosha mkono, akanifuta kidevu kwa kidole gumba, polepole, kutoka kushoto kuja katikati. Nilijua tu kwa kuwa niliuona mkono wake. Alipofika katikati nikasikia kidole, nikashtuka.

"Hukujua kama uji umekutoka," alisema.

"Hapana."

"Hukukisikia kidole changu mpaka hapa."

"Hapana, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu jino."

Akaliangalia bakuli. Mama mkwe hakuwa mtu wa kuhesabu kwa vidole, alihesabu kwa macho, na nikaona macho yake yanarudi nyuma, mwaka kwa mwaka, mpaka yakafika jikoni.

"Ule muhogo," alisema.

"Nilionja tu. Nilikuwa nimefunga."

"Na yeye alijua."

"Alijua. Nilimkataza asiseme. Alikuwa akinionyesha." Nikapitisha kifundo cha kidole kwenye kidevu changu, kama alivyokuwa akifanya.

Akaifuata ishara ile kwa macho.

"Nikidhani ndevu zinamwasha," alisema. "Mara mbili nilimwambia akazinyoe."

Nikataka kucheka, na nadhani na yeye. Kisha uso wake ukabadilika, na nikajua amefika wapi. Amefika kitandani. 

"Na siku ile?" akauliza.

Sijapata kuulizwa swali zito kama hilo. Kumdanganya sikuweza, si kwa habari za mtoto wake. Kumvua nguo kwa ukweli mzima sikuweza pia. Nikatafuta ndani ya mambo yaliyotokea kweli, nikaona mna jambo moja ninaloweza kumpa.

"Siku ile alikunywa, mama," nikasema. "Ulimpa maji, akayanywa. Niliona koo lake."

"Aliyanywa."

"Aliyanywa yote uliyompa."

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, mara nyingi. Alijua, na najua kwamba alijua, kwa sababu tangu siku ile hakuieleza tena habari ya maji kwa mtu yeyote. Nilimwondolea. Sikukusudia, na siwezi kumrudishia.

Akachukua bakuli ili aondoke. Nikamshika nguo.

"Mama, waambie."

"Niwaambie nani?"

"Wote. Waliokuwa wakimwita mume wa kobe. Waambie nilikuwa nimefunga, na kilichonipata ni nini. Udenda na yote."

"Watakuja kukutazama."

"Waje."

"Utaweza?"

"Sitaweza," nikasema. "Waambie hivyo hivyo."

Akatoka. Nilimsikia akivaa viatu, na mlango wa uwani ukilia. Hakwenda mbali, alianzia nyumba inayofuata.

Yule jirani alikuja alasiri, mikono inanukia mafuta ya samaki. Alikaa mkekani, akanipa pole ya msiba kwa mara nyingine, ingawa alikwisha kunipa. Akatazama ukuta, akatazama mikono yake.

"Shoga, mama mkwe wako ananiambia mambo," alisema. "Ni kweli huku hakuna kitu?"

"Ni kweli."

"Hata ukiungua?"

"Hata nikiungua."

"Ningojee nione." Akasogea. Akanishika taya kwa mkono mmoja, kama anavyomshika samaki kumtazama matamvua, akanibonyeza mdomo kwa ukucha wa kidole gumba.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa je?"

"Hapana."

Mate yalikuwa yananitoka. Nilijua kwa sababu niliona yanang'aa kwenye kidole chake. Sikujifuta. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, anatazama. Jirani akabonyeza kidevuni, akabonyeza pembeni, kila mara kwa nguvu zaidi, na kila mara nikasema hapana. Akahamia upande wa pili, akabonyeza, na huko nikasikia ukucha.